Fuata Ndoo Moja kwa Penseli: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Michoro ya Mtiririko wa Kazi Viwandani

Barua nne za mwezi huu zinagusa jambo moja, kwa hiyo tumeona tuzijibu kwa pamoja. Kwa asiyelifahamu jambo hilo, mchoro wa mtiririko wa kazi ni picha inayoonyesha hatua za kazi kwa mfuatano wake, tangu malighafi inapoingia getini hadi bidhaa inapotoka, pamoja na mahali ambapo mtu hulazimika kuamua jambo kabla ya kuendelea. Barua tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya mche hapa Vingunguti, chenye wafanyakazi 14. Mwaka huu nimenunua mashine ya pili ya kuchanganyia, lakini katoni zinazotoka kwa siku ni zilezile. Juzi kijana wangu mmoja aliungua mkono kwa maji ya kostiki soda. Mtaalamu alinishauri nichore mchoro wa mtiririko wa kazi. Nimechora, nimeubandika ukutani, na sioni ulichobadilisha. Nakala yake nimeiambatanisha. Nimekosea wapi? (Mwenye kiwanda, Vingunguti)

JIBU: Ndugu yetu, mpe pole kijana wako, na kama ajali hiyo bado hujaitolea taarifa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, fanya hivyo kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu.

Mchoro wako tumeutazama. Una visanduku saba vilivyopangwa kama mabehewa ya treni: kupima, kuchanganya, kumimina, kukata, kupiga chapa, kufungasha, kuuza. Umechorwa kwa rula na unapendeza, lakini unaeleza kiwanda ambacho hakipo Vingunguti wala kwingineko. Katika barua yako mwenyewe umetaja, kama jambo la kupita tu, kwamba miche inayopasuka hurudishwa kuyeyushwa upya. Mshale wa kurudi haumo mchoroni. Umetaja pia kwamba sabuni hukaa rafuni mpaka ikauke. Kukauka nako hakumo. Ulichochora ni kazi inavyotakiwa kwenda kichwani mwa bosi aliyeketi ofisini, na kwa mchoro wa namna hiyo, hata ungeuwekea fremu ya kioo, hakuna ajali utakayoizuia.

Ufundi huu una historia fupi inayofaa kujulikana. Mwaka 1921 Frank Gilbreth na mkewe Lillian, Wamarekani wawili, waliwaeleza wahandisi mitambo wenzao jijini New York njia yao ya kuandika kazi kwa alama. Frank alianza maisha kama fundi mwashi, na miongoni mwa mambo yaliyompa jina ni jukwaa lililoyaweka matofali kwenye usawa wa mikono, ili fundi asiiname kwa kila tofali. Lillian alikuwa mtaalamu wa saikolojia. Wote wawili waliamini kwamba kazi huonekana ukisimama karibu na mtu anayeifanya. Alama zilizokuja kusanifiwa na wahandisi wa Marekani mwaka 1947 ni tano tu: duara ni kitendo kinachobadilisha kitu, mshale ni kukihamisha, mraba ni kukikagua, herufi D ni kukisubirisha, na pembetatu iliyosimama kwa ncha ni kukihifadhi. Ukirudi sasa kwenye visanduku vyako saba utaona kwamba karibu vyote ni maduara. Hakuna kubeba, hakuna kungoja, hakuna kukagua. Fedha yako inapotelea humo, na mkono wa kijana uliungulia humo.

Fanya hivi. Jumatatu asubuhi chukua daftari, penseli na saa, uchague ndoo moja ya maji ya kostiki, kisha uifuate. Usifuate ndoo kwa ujumla wake, fuata ile moja, kwa macho yako, bila kumsahihisha mtu. Andika kila inapobebwa na hatua ngapi, kila inapowekwa chini na kwa muda gani, nani ameigusa, na nani amesema “tayari”. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya zoezi hili katika karakana moja ya sabuni ambayo sitaitaja. Mwenye karakana alikuwa amenihakikishia kwamba ndoo hutoka kwenye mizani na kwenda moja kwa moja kwenye pipa la kuchanganyia. Ile niliyoifuata ilibebwa hatua 31, ikapita nyuma ya migongo ya akina mama wanaofungasha, ikawekwa chini mara mbili, na mara ya pili iliwekwa juu ya kigoda karibu na mlango kwa sababu mzigo wa mafuta ulikuwa umeziba njia. Kigoda hicho hakikuwa kwenye mchoro wowote, ingawa rangi ya mbao yake ilikuwa imeliwa ikabaki nyeupe. Kila mfanyakazi alikijua isipokuwa bosi.

Hatua ya kostiki unapaswa kuichora kwa undani kuliko nyingine zote. Andika wazi kwamba soda ndiyo inayomiminwa kidogo kidogo kwenye maji, wala si maji kwenye soda, kwa sababu soda inapoyeyuka hutoa joto kali na maji machache yanayoiangukia huweza kuchemka ghafla na kuruka. Andika chombo: cha plastiki ngumu inayostahimili joto au cha chuma kisichoshika kutu, kamwe si sufuria ya aluminiamu, maana soda huila aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Baada ya hapo weka herufi D, kwa kuwa mchanganyiko lazima ungoje upoe, kisha uweke alama ya uamuzi. Alama hiyo huchorwa kwa umbo la kashata, yaani mraba uliosimama kwa kona, na ndani yake huandikwa swali lenye majibu mawili, ndiyo au hapana. Swali hapa ni “Umepoa?” Ni nani anayeamua, na kwa kipimo gani? Katika karakana ile niliyoitaja, kipimo kilikuwa kiganja cha mkono juu ya ubavu wa ndoo. Kipimajoto ni rahisi kuliko siku moja ya mtu kulala hospitalini. Chora pia bomba la maji lilipo, na kama liko mbali lisogeze, kwa sababu aliyerukiwa anatakiwa asuuzwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15 kabla ya kukimbizwa hospitali. Wako wanaoamini kwamba siki au ndimu huua makali ya kostiki mwilini. Waambie waache, maana jicho haliwezi kungoja majaribio.

Kuhusu katoni zisizoongezeka, jibu limo kwenye ile hatua uliyoisahau. Mwaka 1961 John Little, mtaalamu wa Marekani, alithibitisha kanuni ambayo mama ntilie yeyote anaweza kuitumia: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya kazi ni sawa na kasi ya kutoka kwake ukizidisha kwa muda ambao kila kimoja hukaa humo. Nenda kwenye rafu zako uhesabu. Tuseme umekuta sabuni ya katoni 400 inakauka, na kwa siku unatoa katoni 80. Basi kila katoni inakaa pale siku 5, upende usipende. Sasa mashine ya pili ya kuchanganyia inafanya nini? Inaongeza sabuni mbichi mbele ya rafu zilizojaa, sabuni hiyo inapangwa sakafuni, inakanyagwa, inapasuka, na inarudi kuyeyushwa. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi: ukiongeza njia kabla ya taa bila kuigusa taa yenyewe, unachopata ni foleni pana. Fedha ya mashine ilifaa iende kwenye rafu zaidi, nafasi kati ya mche na mche, na feni, hasa wakati wa masika ambapo hewa ya jiji letu imeshiba maji na sabuni huchelewa kukauka. Mashine ya pili usiiuze kwa hasira. Izime tu mpaka rafu zitoshe.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda cha vinywaji kandokando ya Barabara ya Nyerere. Mchoro wetu ulitengenezwa na wahandisi na kila mashine imo. Hata hivyo, matatizo yetu mengi hutokea saa kumi na mbili tunapopokezana zamu, na pia umeme unapokatika. Mambo hayo yanachorwaje? (Msimamizi wa zamu)

JIBU: Swali lako limetufurahisha, kwa kuwa umeliona pengo ambalo wachoraji wengi hawalioni: mchoro huonyesha kitu kinavyotoka mashine hadi mashine, lakini hauonyeshi habari inavyotoka mtu hadi mtu.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha uliokuwa baharini upande wa Uskoti, pampu moja ilisimama na watu wa zamu wakaamua kuiwasha ya akiba. Hawakujua kwamba mchana wake vali ya usalama ya mstari wa pampu hiyo ya akiba ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na tundu lake kufunikwa kwa kifuniko cha muda kisichokazwa sawasawa. Gesi ilivuja, ikalipuka yapata saa nne usiku, na watu 167 walifariki. Hati ya kibali inayosema vali haipo ilikuwa imeandikwa. Tatizo ni kwamba haikuwafikia waliobonyeza swichi. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Lord Cullen, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1990, uliulaumu mfumo wa vibali na namna zamu zilivyokabidhiana kazi.

Kwa hiyo saa kumi na mbili yako ni hatua ya kazi kama hatua nyingine, na inastahili kisanduku chake. Ndani yake andika mambo ambayo anayetoka lazima amwonyeshe anayeingia, wakiwa wamesimama mbele ya mashine, si getini huku mmoja akiwahi daladala: mashine ipi imefunguliwa, kinga ipi imeondolewa, kufuli ya nani iko kwenye swichi ipi. Kuhusu kufuli, kanuni ya kuaminika ni kwamba kila fundi anayeingiza mkono kwenye mashine aweke kufuli yake mwenyewe kwenye swichi kuu na ufunguo ukae mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, ziwe kufuli tatu. Zamu ikiisha na kazi haijaisha, anayeingia huweka yake kwanza, ndipo anayetoka aondoe ya kwake.

Umeme nao una maswali mawili, na kila swali lipate kashata yake. La kwanza: umeme ukirudi, mashine itawaka yenyewe? Kama kontakta yake, yaani swichi ya sumaku inayoipa mashine umeme, haiachii pale umeme unapokatika, au kama kuna aliyeifunga ibaki imebonyezwa kwa sababu ilikuwa ikimsumbua, jibu ni ndiyo, na fundi aliyeinama kuchomoa chupa iliyokwama gizani yuko hatarini. Mchoro useme kwamba umeme ukikatika tu, swichi za mashine zote zizimwe kwa mkono, kisha ziwashwe moja moja na mtu aliyezikagua.

La pili ni gumu zaidi na linahusu usafi. Kiwanda cha vinywaji husafisha mabomba yake kwa maji ya kostiki, kisha husuuza. Tuseme umeme umekatika saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya suuza, jenereta ikawaka baada ya robo saa, na zamu ikabadilika. Mtu wa asubuhi anaukuta mstari umetulia na bomba limejaa kimiminika kisicho na rangi, na kwa macho hayo hawezi kujua kama ni maji ya suuza au ni kostiki iliyobaki. Mchoro wenu wa sasa unamruhusu aendelee kujaza chupa. Chora mshale unaomrudisha mwanzo wa suuza kila inapokatizwa, hata kama imebaki dakika moja, na mwishoni weka mraba wa ukaguzi kwa kipimo cha pH, yaani kinachoonyesha kama kostiki bado imo majini, chenye saini. Wahandisi wenu watalalamika kwamba maji yanapotea. Waache walalamike, kwa kuwa maji hayo ni nafuu kuliko chupa moja iliyomfikia mtoto.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Ninatengeneza siagi ya karanga nyumbani kwangu Kimara, nikiwa na jiko moja, mashine moja ya kusagia na binti anayenisaidia. Nimeanza kufuatilia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nikaambiwa nieleze mtiririko wa uzalishaji wangu. Kwa kazi ya watu wawili, mchoro wa nini? (Mama mjasiriamali, Kimara)

JIBU: Marahaba, mama. Katika chakula mchoro haupimwi kwa idadi ya watu bali kwa idadi ya nafasi ambazo kitu kibaya kinaweza kuingilia au kupita bila kuonekana. Utaratibu wa kudhibiti hatari za chakula unaotumika duniani leo ulianza Marekani miaka ya 1960, wakati kampuni ya Pillsbury ilipokuwa ikitengeneza chakula cha wanaanga wa NASA, na tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula chini ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliupitisha kama mwongozo mwaka 1993. Una hatua 12. Ya nne ni kuchora mtiririko. Ya tano, ambayo wengi huiruka, ni kuushika mchoro mkononi na kwenda nao mahali penyewe kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo yanayofanyika. Hata wenye maabara kubwa waliona lazima waandike hatua nzima ya kutembea tu.

Kwako hatari kubwa ni sumukuvu. Ni sumu ya kuvu isiyoonekana kwa macho, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Ukichora mtiririko wako, yaani kupokea, kuchambua, kukaanga, kupooza, kupepeta maganda, kusaga, kujaza na kufunga, utajiuliza sumu hiyo inazuiwa katika hatua ipi. Wengi husema jikoni, na hapo ndipo kosa lilipo: kukaanga huipunguza kiasi, lakini hakuiondoi. Inazuiwa mapema, pale unapoikataa gunia yenye unyevu, na pale unapochambua punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa kuwa sumu nyingi hukusanyika kwenye punje chache. Baada ya kukaanga na kupepeta maganda, chambua tena, maana punje mbovu hujificha ndani ya ganda. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kiasi hicho jicho halikioni, kwa hiyo sampuli itahitaji kwenda maabara.

Sasa jiulize ni nani anayechambua. Kama ni binti, na anachambua jioni chini ya taa hafifu huku akiangalia tamthilia, basi hatua muhimu kuliko zote kiwandani kwako inafanyika mahali penye mwanga mdogo kuliko pote. Meza ihamie dirishani na kazi ifanyike asubuhi. Andika pia punje zilizokataliwa zinakwenda wapi, na mshale huo usiishie kwa kuku wa jirani wala sokoni. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo katika safari ya kuipata alama hiyo. Mchoro wako wa penseli, ukiwa wa kweli, utawatosha kuanzia.

SWALI: Ni programu gani ya kompyuta iliyo bora kwa kuchora michoro hii, na ni mara ngapi ibadilishwe? (Mwanafunzi wa uhandisi, Ubungo)

JIBU: Programu yoyote uliyo nayo inatosha, na mchoro wa kwanza usiuchore kwenye kompyuta kabisa, kwa sababu unapopendeza mapema mwenye kiwanda huona aibu kuusahihisha. Kubadilisha hakuna kalenda. Hubadilishwa siku ambayo kazi imebadilika, na kabla ya kuwasha mtambo, si baada yake.

Huko Flixborough, Uingereza, kiwanda cha kemikali kiliondoa tangi moja kati ya sita lililokuwa na ufa, kikaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda ili uzalishaji usisimame. Mchoro pekee wa bomba hilo ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni 1974 lilipasuka, na watu 28 walifariki. Chaki haikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa kukokotoa kama bomba lingestahimili, na mahali pa mtu huyo kuweka saini. Chini ya kila mchoro wako acha nafasi ya tarehe, jina la aliyebadilisha na jina la mwingine aliyelikagua badiliko hilo, na mchoro wa zamani uondolewe ukutani siku hiyohiyo.